Rangi Hazikuguswa

Mstari wa kumi na saba Herieth aliupa rangi ya buluu. Wa kumi na nane akaufanya wa chungwa, lakini hafifu, kama kutu inayoanza kwenye bati. Kisha akanyoosha vidole na kuendelea.

Kwenye kompyuta kulikuwa na mlima mweusi, na juu yake mamia ya mistari myembamba iliyozunguka nukta moja. Ndivyo anga linavyotokea kamera ikiachwa wazi usiku kucha: nyota hazibaki vitone, zinachora duara. Picha iliporudi kutoka kusafishwa Songea, anga lilikuwa la kijani kama maji ya bwawa, na mistari yote ilikuwa ya njano, njano moja. Kwa siku tisa, kila mara wateja wa paspoti walipopungua, Herieth alikaa akibadilisha rangi, mstari kwa mstari.

Pankras, mwenye studio, alikuja na kikombe cha chai akasimama nyuma yake.

"Mbona nyota zote zilikuwa na rangi moja?"

"Skana yetu, bosi. Inakula rangi."

"Umepiga wapi?"

"Nyumbani kwa mama."

"Liuli." Akainama karibu na kioo. "Huu mlima siukumbuki."

"Watu wa nje hawaujui. Sisi tumekua nao."

Pankras alinywa chai yake taratibu. "Ukimaliza, iweke kwenye CD uniachie mezani. Na negativu pia."

"Sawa, bosi."

Herieth alisema hivyohivyo mwaka juzi pia. Mwaka ule alikuwa amelala siku sita kwenye mawe ya ufukweni, malaria ikampanda, akarudi Mbinga na picha ya anga ambayo hata yeye mwenyewe alishangaa kuwa ameipiga. Kampuni moja ya wanunuzi wa kahawa, katika zile zilizokuja soko lilipofunguliwa kwa watu binafsi, ilikuwa inatafuta picha za kalenda. Pankras aliipeleka kwa jina lake mwenyewe. Kalenda ikatundikwa kila sebule kuanzia Maguu mpaka ziwani. Mama yake Herieth, ambaye hajui kusoma, aliitundika ya kwake akijua ni kazi ya mwanawe, mpaka jirani alipomsomea jina lililoandikwa chini.

Herieth alipolalamika, watu walicheka. Mwanamke akeshe ziwani peke yake? Pankras alimpa nafasi ya kuchagua: aondoke, au aandike barua ya kuomba radhi. Aliandika. Barua ilibandikwa kwenye kioo cha mlango wa studio mwezi mzima, na kila asubuhi yeye ndiye aliyekifuta kile kioo.

Sasa kampuni ilikuwa inatafuta picha tena, safari hii kwa mashindano.

"Andika jina lako humo ndani," Vitalia, mshona nguo wa duka la jirani, alimshauri. "Kwa herufi ndogo, pale kwenye giza la mlima."

"Ataliona, atalifuta."

"Sasa utafanyaje?"

"Nitamwachia aichukue."

Vitalia alimtazama kwa huruma, akarudi kwenye cherehani yake.

Matokeo yalitangazwa Jumamosi asubuhi, ukumbi wa parokia. Picha iliyoshinda ilikuwa imekuzwa ikalingana na mlango. Mistari ya buluu, ya chungwa na nyeupe ilizunguka juu ya ule mlima, na watu waliinuka kwenye viti ili waione vizuri. Pankras alivaa suti. Mzee Mansuetus, afisa utamaduni aliyeongoza waamuzi, alimpa kipaza sauti aeleze kazi yake.

"Nilipanda mpaka nusu ya huo mlima ili nipate pembe nzuri," Pankras alisema. "Nikashuka, nikafungua kamera. Nilikaa hapo usiku mzima, shati limelowa umande. Rangi hizi mnazoziona sikuzigusa. Ni za Mungu mwenyewe."

Wakapiga makofi.

"Mlima wenyewe unaitwaje?" Mzee Mansuetus aliuliza.

Pankras alifikiri kidogo. "Wenyeji hawapendi kuutaja, mzee. Wanauogopa."

Nyuma ya ukumbi Herieth alisimama. Alikuwa na kiroba kizito, akakikokota katikati ya viti mpaka mbele. Minong'ono ikaanza.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umekuja tena kusema picha ni yako?"

Watu walicheka. Pankras naye alicheka, akatikisa kichwa kama baba aliyechoshwa na mtoto.

"Hapana, mzee. Nina swali moja tu kwa bosi. Ana hakika aliupanda huo mlima?"

"Kwa miguu yangu hii," Pankras alisema kwenye kipaza sauti.

"Na ukauona kwa macho yako."

"Kama ninavyokuona wewe."

Herieth aliomba madirisha yafungwe. Mzee Mansuetus alisita, kisha akaashiria yafungwe. Kwenye giza lile Herieth alitoa kirobani gurudumu la baiskeli lililofunikwa kaniki, akawasha tochi nyuma yake. Kaniki ilikuwa imetobolewa kwa sindano, mamia ya vitobo, na vyote vikawaka njano moja. Akalizungusha gurudumu polepole kwa kidole, vitone vyote vikazunguka nukta moja kama kwenye picha.

Vichwa vikageukia ile picha kubwa, vikarudi kwenye gurudumu.

Akaingiza mikono yote miwili kirobani, akatoa jiwe la figa la jikoni kwa mama yake, bado lina masizi, akaliweka mezani mbele ya Pankras.

"Mlima wako huu hapa, bosi," alisema. "Panda tena tuone."