Tone Moja

"Wifi, nipe tone moja tu la bakteria wako," alisema mke wa kaka yake, kasimama mlangoni mwa maabara na kichupa kitupu mkononi.

"Hata la dawa hupati," alijibu mwenye bakteria.

Ufunguo wa friji aliuvaa shingoni, ndani ya blauzi. Ndiyo maana pale kazini walimwita Kufuli, na jina lilimkaa vizuri tu. Bakteria wake walikuwa wauaji. Kiwavi akitafuna jani lililopakwa bakteria wale, kesho yake utamkuta mweusi, kalegea. Sumu ilitoka kwenye plasmidi ndogo, kipete cha DNA ambacho hakikuwa kwa mtu mwingine yeyote. Kufuli alikipata kwenye udongo aliouchimba kwa mikono yake mwenyewe. Leo aje mtu aombe agawiwe? Kamchukua kaka, sasa anataka na bakteria.

Wote wawili walikuwa wa mkataba, na nafasi ya kudumu ilikuwa moja. Profesa alishasema: mwisho wa mwezi kila mmoja aonyeshe alichonacho. Atakayenishangaza atabaki, mwingine afungashe.

Wifi yake alidai kwamba vipete vya aina ile huhama, kutoka bakteria mmoja kwenda kwa mwingine. Maneno matupu, ushahidi hakuwa nao. Alichokuwa nacho ni bakteria wapole wa rangi ya njano, wasiomdhuru hata sisimizi. Na kila saa ya chai alilalamika kwa sauti inayosikika hadi koridoni.

"Mimi nategemea hawa hawa wapole. Nikiwalisha viwavi, akafa hata mmoja, basi tena, nimekwisha."

Kufuli alikoroga chai yake.

Tena siku hizo wifi alizidi kusahau. Akitoka kwenda kumchukua mtoto shuleni, kabati lake la joto la kukuzia bakteria aliliacha wazi, chupa ya wale wapole imekaa mbele kabisa. Uzembe wa mtu aliyezoea kufanyiwa kila kitu, aliwaza Kufuli. Mwanzo alipita tu. Kesho yake akasimama, akachungulia. Mara ya mwisho alivaa glavu.

Alifungua friji yake, akavuta tone la wauaji kwa pipeti, akalidondosha kwenye chupa ya wifi. Akarudisha kila kitu kilivyokuwa, akanawa, na usiku ule alilala fofofo.

Siku ya siku ikafika. Wifi aliweka sahani ya viwavi mezani kwa Profesa, akafunua. Weusi wote, hakuna anayejikunja.

"Pole sana, wifi," Kufuli alisema, akijikaza asicheke. "Umewachafua wapole wako nini?"

Wifi alisogeza sahani ya pili, yenye vidoa vya njano vilivyotapakaa.

"Viwavi wamekula hawa tu, Profesa. Nimewatenga kidoa kimoja kimoja, njano tupu. Ni wapole wangu wale wale, ila sasa wana kipete. Nimekipima mara mbili. Ni kile cha Kufuli."

Profesa alivua miwani, akainamia sahani. "Kimehama."

"Kimehama."

"Lakini bakteria wa Kufuli hakuna mtu anayewagusa. Wewe uliwapataje?"

"Wifi alinipa."

Profesa akageuka. "Ulimpa?"

Kufuli alitazama viwavi. Akikataa, ataulizwa wauaji wake waliingiaje kwenye chupa ya mwenzake. Roho ilimuuma kuliko siku kaka yake alipooa.

"Nilimpa."

Profesa akampa wifi mkono wa pongezi, na Kufuli akaenda kutafuta boksi la kufungashia vitu vyake.

Alipokuwa akitoka nalo, wifi yake alimshikia mlango.

"Ahsante, wifi," alisema taratibu. "Wiki nzima naacha kabati wazi. Nilishaanza kukata tamaa."