Njia ya Pili ya Bi Tumpe

Tangu kumbukumbu za wazee zianze kuhifadhiwa kwenye seva ya wilaya, kila mzee alipewa njia mbili za kuzifikia, ili moja ikikatika nyingine ishike. Asubuhi hiyo njia ya kwanza ya Bi Tumpe ilikatika. Ya pili ilikuwa nzima, ila haikufunguka. Binti yake, Sekela, aliiweka kwenye ulinzi mkali baada ya matapeli kumwibia jirani kumbukumbu zake, na katika ulinzi huo mwenye kumbukumbu tu ndiye anayeweza kuifungua, kwa sauti yake. Kumbukumbu zikikaa saa nzima bila njia, hufungwa milele.

Zilibaki dakika nne.

“Mama, sema ‘nafungua.’ Neno moja tu.”

Bi Tumpe aliendelea kumenya viazi. Kichwani alikuwa amebakiwa na miaka ya zamani peke yake.

“Dada, una sura nzuri. Lakini tapeli gani ana sura mbaya?”

“Ni mimi, Sekela!”

Mama akacheka. “Sekela wangu yuko darasa la kwanza. Jana tu kang'oka jino.”

Sekela akapiga magoti, akamkumbatia miguu, akalia. Bi Tumpe akamfuta machozi kwa ncha ya kanga, kwa huruma ya kweli.

“Basi, nyamaza. Mwanangu akitoka shule saa sita, nitamuuliza. Yeye akikubali, nitasema.”

Kisha akamsogezea kigoda na kisu cha pili, wamenye pamoja wakimsubiri.