Kurasa Nne kwa Siku

Bi Mize alijitapa kwamba mtaani hakuna aliyesoma vitabu vingi kumshinda. Alikuwa amesoma viwili, na kimoja cha mapishi. Hiki cha tatu kilikuwa riwaya ya picha iliyosifiwa mji mzima, na filamu yake ingeonyeshwa mwezi ujao. Daktari naye alikwisha acha kumpangia mume wa Bi Mize mambo ya mwezi ujao.

Kila alasiri, akishatoka kuwafulia watu nguo, mgongo ukimuuma, huketi kitandani kwa mgonjwa wake wakasoma kurasa nne. Waliahidiana kwamba hakuna kutangulia.

"Unasinzia, Mama Raya," mumewe akamwambia.

"Nakungoja wewe, unasoma kwa mwendo wa kobe."

Ukurasa wa leo ulikuwa wa harusi, watu wanacheka mpaka magego yanaonekana. Mzee akafuta machozi.

"Hapa unalia nini?"

"Vumbi tu."

Bi Mize akafunua ukurasa uliofuata. Kwenye picha ya juu, bibi harusi alikuwa peke yake, akikunja shati la mwanamume.

"Tulisema tutangojana, Baba Raya."

"Sijakigusa mimi kitabu," akasema mzee, na mkono wake ukawahi kuifunika picha ya chini kabla mkewe hajaitazama.