Teke Moja ni Ndiyo

Haya kanihadithia mkunga Mauwa, juzi tukichambua mchele.

Zama hizi mjamzito hapewi kidonge mpaka mtoto aliye tumboni aridhie: teke moja ndiyo, mawili hapana. Tunu, naye mjamzito, alikula kamba wa baharini, mwili ukamwasha, uso ukaumuka kama andazi. Mauwa akamfunga mkanda wa kumsikilizia mtoto.

"Haya mjukuu wangu, sema ndiyo!" mama mkwe akahimiza.

Teke! Vigelegele nyumba nzima.

"Bado," Mauwa akasema, kidonge kiganjani. "Lisije likafuata la pili."

"Jamani, koo linabana," Tunu akalia.

Wakangoja. Mkanda ukawaka kijani: mtoto kasinzia, jibu halijakamilika, kidonge kingoje aamke.

"Shii, mkwe wangu, usikohoe," mama mkwe akanong'ona, meno yote nje kwa furaha. "Kalala."