Laini Mbili, Gari Moja

Umeme ulikatika saa nane mchana, karani akiwa katikati ya kuandika ushauri wa sita: usiingize chakula cha moto kwenye friji, utaifanyisha kazi ya punda.

Lilikuwa jarida la ushirika wa umeme, kurasa nne kila mwezi, nalo alilitengeneza peke yake kati ya simu moja na nyingine. Nani kajifungua, nani kaoa, mkutano wa wanachama lini, na nyuma kabisa, namna ya kubana matumizi. Kwa ukurasa huo wanachama walimbandika jina la Dada Zima-Taa. Dukani walimtania kwamba kwake hata jua huzimwa mapema.

Nje upepo ulikuwa ukikunja mabati. Simu ya mezani ikaanza kulia, isinyamaze tena. Mchomeleaji alitaka kujua atamaliza lini geti la mteja. Mwenye duka alilia na maziwa yake. Karani alimwuliza kila mmoja namba ya mita, akaandika kwenye daftari la hitilafu, akamwomba avumilie.

Simu ya tano ilitoka mlimani.

"Ni mimi, mwanangu," mwanamke alisema. "Huku pia umekatika."

"Shikamoo, mama. Mashine ya mzee iko kwenye betri?"

Iko, mama alijibu. Taa ya kijani inawaka. Karani akaandika namba ya mita, na mbele yake: mgonjwa, mashine ya oksijeni, betri ya saa tatu. Akamwambia achomoe kila kitu kingine kwenye betri ile, hata chaja ya simu, na simu yenyewe aizime, apige kila baada ya saa moja.

"Huo ushauri umo kwenye gazeti lako," mama alisema. "Mzee husoma ukurasa wote, hata ule wa balbu."

Kisha akapiga muuguzi wa kituo cha afya cha bondeni. Watoto pacha waliozaliwa kabla ya wakati walikuwa kwenye mashine ya joto, na jenereta ilikuwa imegoma. Muuguzi aliongea taratibu mno, kama mtu anayebeba maji yaliyojaa pomoni.

Laini ya mlimani ilikuwa imeangusha nguzo. Ya bondeni ilikuwa imelaliwa na mti. Kila moja ilihitaji saa mbili na zaidi, na gari la mafundi lilikuwa moja. Karani alimpigia meneja, mgeni aliyekuwa na wiki tatu tu kazini, aliyekwama ng'ambo ya mto tangu asubuhi. Hakupatikana. Akapiga mjini kuomba gari la wagonjwa lipande mlimani. Wakamwambia barabara imefunikwa na tope, hata trekta halipiti.

Fundi mkuu akaita kwenye redio. Walikuwa njia panda.

"Wewe ndiye uliye mezani. Tuanzie wapi?"

Karatasi ya kanuni ilikuwa ukutani mbele yake. Kituo cha afya kwanza, nyumba za watu baadaye. Aliisoma tena kana kwamba maneno yangeweza kubadilika.

"Bondeni," akasema.

"Una uhakika, dada?"

"Nendeni bondeni."

Saa tisa mama alipiga, na karani akamweleza kwamba mafundi wameanzia kwa pacha wa bondeni. Taa ilikuwa bado ya kijani. Saa kumi ilikuwa ya njano, na mzee alikuwa ameanza kuhesabu pumzi zake kwa vidole. Karani aliita mafundi. Walikuwa wamekata nusu ya mti. Aliwauliza kama mmoja anaweza kutangulia mlimani kwa miguu, na fundi mkuu akamjibu kwa upole kwamba mtu mmoja hasimamishi nguzo.

Saa kumi na nusu mama hakungoja zamu yake. Nyuma ya sauti yake kitu kilikuwa kinalia, kifupi kifupi, bila kukoma.

"Mkalishe wima," karani alisema. "Mlegeze shati. Fungua dirisha la upande usio na mvua. Mshike mkono, pumueni pamoja, polepole."

"Nimefanya hayo yote, mwanangu. Kuna lingine?"

Alipekua kichwani mwake kila alichowahi kukiandika. Hapakuwa na lingine.

"Kaa naye tu, mama."

"Anasema umefanya sawa," mama alisema baada ya muda. "Anasema watoto kwanza."

Karani alishikilia simu sikioni mpaka ile ya upande wa pili ikaisha chaji.

Saa kumi na moja kasoro dakika kumi muuguzi alipiga akicheka na kulia kwa pamoja. Umeme umerudi, pacha wako salama. Karani alimpongeza. Mchomeleaji naye akapiga, akauliza kuhusu geti. Alimjibu. Saa kumi na moja na robo ikaingia namba ya jirani wa mlimani, na sauti ilikuwa ya mama.

"Amepumzika."

"Pole, mama," karani alisema. Aliandika saa kwenye daftari, kwa mwandiko ule ule ulionyooka.

Meneja aliingia jioni akichuruzika maji. Alisoma daftari akiwa amesimama, mstari kwa mstari, na alipofika kwenye ule wa mlimani akavua kofia. Alisema uamuzi ulikuwa sahihi, angekuwepo angeamua vivyo hivyo. Karani aliinuka, akachukua koti lake.

"Lakini huyu mzee lazima ana watoto," meneja akaendelea. "Tuwatafute tuwaambie wenyewe, wasije wakasikia barabarani."

Karani alikuwa anafunga vifungo vya koti, akikosea, akianza upya.

"Anaye mmoja tu," alisema. "Ndiye aliyekuwa anapokea simu."