Sauti Iliyokataa Usaili

"Nikatae usaili mimi? Kazi niliyoililia mwaka mzima?" Muuguzi kijana alimkazia macho karani wa hospitali.

"Dada, simu zetu hurekodiwa. Jisikilize mwenyewe."

Nyuma ya muuguzi, bibi yake aling'ang'ania mkanda wa mkoba kwa mikono miwili. Sauti zao zilifanana mno, hata majirani huwachanganya kwenye simu. Na hospitali ilikuwa mbali na nyumbani; yeye angebaki na nani?

Karani akabonyeza kitufe, rekodi ikaanza. "Asanteni, sitakuja. Mpeni mwingine."

"Mbona kama mimi?" mjukuu akanong'ona.

Bibi akabana pumzi. Alijua kinachofuata kwenye rekodi: kile kikohozi chake kikavu, ambacho mjukuu hukitania kuwa cha mbuzi.

Kikasikika.

Mjukuu akageuka polepole. "Bibi?"