Maji ya Mkungu

Tunu alikwangua gome la mkungu kwa ukucha, akitafuta ubichi. Ndani palikuwa pakavu, rangi ya majani ya chai. Akapandisha mkono, akakwangua tena.

Nyumba nzima aliichora iuzunguke mti huu. Ukuta wa sebule aliupinda ili mizizi ipite, na katika paa akaacha tundu la matawi. Sasa kuta zilikuwa zimesimama, na majani yote yalikuwa chini.

"Dada, tumeutunza kweli," alisema Fundi Mbaruku. "Kiangazi chote hatukuacha kuumwagilia."

"Mti huo ndio mke wake mdogo," mpaka rangi mmoja alidakia kutoka juu ya ngazi. "Yule wa nyumbani hajawahi kuchotewa hata ndoo!"

Mbaruku alicheka kwa aibu.

"Mliumwagilia maji gani, fundi?"

"Ya kuoshea makarai na mabeleshi. Maji huku ni ya shida, tukaona tusiyatupe bure."

Tunu aliinama. Udongo shinani ulikuwa umeganda, mweupe, mgumu kama sakafu. Maji ya saruji yalikuwa yameiunguza mizizi. Alitafuta namna ya kumwambia, akaikosa.

"Lakini utachipua, si ndiyo?" aliuliza Mbaruku. "Mvua zikianza?"

"Lete maji safi," Tunu alisema taratibu.

Mbaruku alikimbilia ndoo, akamimina kwa uangalifu kama anayemwogesha mtoto mchanga. Maji hayakuzama. Yalitulia juu ya ule weupe, jani moja kavu likielea, na fundi akachuchumaa kando yake, akasubiri.